Karatasi zikiisha, faili zinakatika: kisa cha swichi kuukuu iliyojikuta mzizi

Malalamiko yaliyonifikia yalikuwa mawili na hayakuonekana kuwa ya ugonjwa mmoja. La kwanza: intaneti iko vizuri, video zinacheza bila kusita, lakini ukitaka kufungua faili iliyoko kwenye seva ya ofisi utasubiri mpaka hamu ya kazi ikuishe. La pili: mara kadhaa kwa siku faili hizohizo hukatika kabisa kwa kama nusu dakika, hurudi, kisha baada ya dakika mbili tatu hukatika tena kwa muda uleule. Zikishakatika mara ya pili, mambo hutulia.

Dada wa masjala ndiye aliyenipa taarifa ya maana kuliko wote, ingawa siku ile sikuitambua. "Fundi, mimi haya mambo siyajui," alisema, "lakini kila tukienda kuchukua karatasi za printa, faili zinagoma." Wenzake wakaangua kicheko. Nilitabasamu kwa adabu, nikaandika kwenye daftari, nikaendelea na mambo niliyoyaona ya kitaalamu zaidi. Nilikuja kumrudia siku mbili baadaye.

Mtandao wenyewe haukuwa mkubwa. Chumba cha seva kilikuwa na swichi kuu mbili (vifaa vya kuunganishia kompyuta kwa kebo), ambazo hapa nitaziita A na B, zikiunganishwa na kebo moja ya gigabiti. Kila ghorofa, kati ya tatu zilizopo, ilikuwa na swichi yake: G1, G2 na G3. Kila moja ya hizo ilikuwa na kebo mbili za kupanda, moja ya kwenda A na nyingine ya kwenda B, ili ikifa moja watu wasibaki gizani. Ruta ya intaneti ilichomekwa A. Seva ya faili ilichomekwa B. Lilikuwa jambo la bahati tu, kwamba siku ya kufunga seva B ndiyo ilikuwa na poti (tundu la kuchomeka kebo) tupu karibu, lakini ndilo lililofanya ugonjwa uonekane kwa faili na usionekane kwa intaneti.

Swichi ya sita haikuwa kwenye mchoro niliopewa. Nitaifikia.

Njia nilizopotea

Mtu akilalamika kwamba faili ni nzito, wa kwanza kushikwa shati ni seva. Nilikagua diski, nikakagua kumbukumbu, nikatazama kama kuna kazi ya nakala rudufu inayoendeshwa mchana. Hakuna. Nikachukua kompyuta yangu, nikaichomeka moja kwa moja kwenye B, nikanakili faili ya gigabaiti moja. Sekunde kumi hivi. Nikapanda ghorofa ya pili, nikajichomeka kwenye soketi ya ukutani, nikanakili faili ileile: dakika moja na nusu. Nilipoijaribu tena saa nne asubuhi, wakati kila mtu yuko kazini, nilikata tamaa kabla haijafika nusu.

Kipimo cha ghorofa ya pili kilinifundisha kitu kwa sababu ya umbo lake. Mwendo ulipanda mpaka kama megabaiti 11 kwa sekunde, ukasimama hapo, ukawa mstari ulionyooka kama rula. Aliyezoea kazi hii akiona 11 isiyopanda wala kushuka anaijua sura hiyo: hapo kuna kebo au poti inayokwenda kwa megabiti 100. Megabiti 100 ukizigawa kwa nane unapata megabaiti 12.5, ukitoa na mizigo ya itifaki unabaki na 11 na ushee. Gigabiti ingenipa mara kumi ya hapo.

Basi nikaanza kuwinda hiyo poti ya megabiti 100. Kutoka soketi hadi G2: gigabiti. Kutoka G2 hadi A: gigabiti. Kutoka G2 hadi B: gigabiti. Kutoka A hadi B: gigabiti. Seva hadi B: gigabiti. Nilirudia zoezi zima mara mbili, nikabadilisha hata kebo moja ambayo haikuwa na kosa lolote, kwa hasira tu. Njia nzima niliyodhani faili inapita ilikuwa safi. Kosa langu lilikuwa kwenye neno "niliyodhani".

Kwenye swichi B, taa ya poti inayokwenda A ilikuwa ya rangi ya chungwa. Taa nyingine zote zilikuwa za kijani. Nilipouliza, niliambiwa imekuwa hivyo tangu zamani na kwamba ni "rangi tu ya poti hiyo". Nami, badala ya kushtuka, nikaitika kwa kichwa. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi nilitazama na bado sikuona.

Nilichokikuta kwenye A

Mwishowe nilifanya nilichopaswa kufanya asubuhi ya siku ya kwanza. Niliingia kwenye A nikaiuliza mti wake ukoje. Amri na matokeo ni ya Cisco IOS, programu inayoendesha swichi za Cisco. Anwani nimezikata mkia:

```
A# show spanning-tree vlan 10

  Root ID    Priority    32778
             Address     0009...
             Cost        19

  Bridge ID  Priority    32778
             Address     001b...
```

Mistari hii michache ilikuwa na kisa chote, kwa hiyo tuisome polepole.

STP (Spanning Tree Protocol) ni itifaki inayozuia vitanzi. Ukiunganisha swichi kwa njia zaidi ya moja ili upate akiba, unatengeneza kitanzi, na kitanzi kwenye Ethaneti kinaua. Pakiti ya IP ina hesabu inayopungua kila ikivuka ruta, ikifika sifuri inatupwa. Fremu ya Ethaneti, yaani kifurushi cha data kinachosafiri kati ya swichi, haina hesabu hiyo. Fremu moja ya tangazo ikiingia kwenye kitanzi itazunguka, itazaana, na ndani ya muda mfupi mtandao mzima utakuwa unasafirisha vivuli vya fremu ileile. Dawa aliyoibuni Radia Perlman mwaka 1985, alipokuwa kampuni ya DEC, ni kuzifanya swichi zenyewe zichague njia chache za kupitisha data na kuzifunga zilizobaki, mpaka mchoro wenye vitanzi ugeuke mti. Mti una mzizi mmoja, na kila swichi huacha wazi njia yake iliyo nafuu zaidi ya kufika kwenye mzizi huo.

Mzizi hupatikana kwa uchaguzi. Kila swichi hutangaza kitambulisho chake kwa ujumbe mdogo uitwao BPDU, kwa kawaida kila baada ya sekunde 2. Kitambulisho kina sehemu mbili: namba ya kipaumbele, kisha anwani ya MAC, yaani namba ambayo kifaa hupewa kiwandani. Mwenye namba ndogo ndiye mzizi. Kipaumbele cha chaguomsingi ni 32768 kwa kila swichi, na Cisco hujumlisha hapo namba ya VLAN (mtandao mdogo uliotengwa ndani ya swichi zilezile), ndiyo maana VLAN 10 inaonyesha 32778.

Sasa tazama tena. Kipaumbele cha mzizi ni 32778. Kipaumbele cha A ni 32778. Hakuna mtu aliyewahi kugusa namba hizo kwenye swichi yoyote ya jengo lile, kwa hiyo wagombea wote walifungana na ushindi ukaamuliwa na MAC. Watengenezaji huchukua anwani hizo kwa mafungu, na mara nyingi kifaa cha zamani ndicho chenye namba ndogo. Ni sawa na kikao kinachompa uenyekiti aliyezaliwa kwanza, hata kama amelala pembeni hasikii mjadala.

Anwani 0009 haikuwa ya A. Haikuwa ya B. Haikuwa ya ghorofa yoyote. Na gharama ya kuifikia kutoka A ilikuwa 19. Katika jedwali la zamani la gharama, ambalo swichi nyingi za Cisco bado hulitumia pasipo kuambiwa vingine, gigabiti 10 ni 2, gigabiti 1 ni 4, megabiti 100 ni 19, megabiti 10 ni 100. Kwa hiyo mzizi wa mtandao mzima ulikuwa ng'ambo ya kebo ya megabiti 100, kwenye poti ya 24 ya A.

Nilifuata kebo hiyo kwa mkono. Ilitoka chumba cha seva, ikapita juu ya dari, ikateremkia stoo ya vifaa vya ofisi. Ndani ya stoo, juu ya maboksi ya karatasi za printa, ilikuwepo swichi kuukuu ya megabiti 100 imejaa vumbi. Nitaiita Z. Kabla ya A na B kununuliwa, Z ndiyo iliyokuwa swichi kuu ya jengo. Waliofunga A na B waliibakiza kwa ajili ya printa mbili na kidhibiti cha milango, wakaivutia kebo kutoka A na nyingine kutoka B "kwa usalama".

Plagi yake ilichomekwa kwenye kebo ya soketi nyingi iliyolala nyuma ya maboksi. Boksi likivutwa, plagi inalegea. Hapo ndipo nilipomkumbuka dada wa masjala.

Hesabu ya njia

Weka Z kuwa mzizi, kisha fuata hesabu. A inafika Z kwa gharama 19 moja kwa moja. B nayo inafika Z kwa 19 moja kwa moja. Ingepitia A ingekuwa 4 kuongeza 19, yaani 23, kwa hiyo B haina sababu ya kupitia A. Kebo ya gigabiti kati ya A na B inabaki haina kazi kwa mti huu, na isipofungwa upande mmoja itakuwa kitanzi. A ina MAC ndogo kuliko B, hivyo A ikapewa poti teule, ile inayobaki wazi, kwenye kebo hiyo na B ikafunga upande wake. Ile taa ya chungwa.

Ghorofa nazo zikachagua. G2 inafika mzizi kupitia A kwa 23, kupitia B kwa 23. Zimefungana, na A ikashinda kwa kitambulisho kidogo. G1 na G3 zikafanya vivyo hivyo. Kwa hiyo ghorofa zote tatu ziliingia A, njia zao za B zikafungwa, na faili iliyotoka kwenye seva ilipita hivi: B, Z, A, ghorofa. Watumishi wa ghorofa tatu, kebo moja ya megabiti 100, kupitia swichi iliyokaa juu ya maboksi ya karatasi. Niliangalia poti ya 24 ya A saa za asubuhi ikawa inapokea zaidi ya megabiti 90 kwa sekunde, na kwenye Z fremu zilizotupwa kwa kukosa nafasi zilikuwa zinaongezeka kila nilipouliza. Intaneti haikuathirika kwa sababu ruta ilikuwa A, na ghorofa ziliifikia kwa gigabiti bila kumpitia mzee.

Ningependa hili lieleweke vizuri, kwa sababu nimesikia mafundi wakisema STP "ilichanganyikiwa". Haikuchanganyikiwa hata kidogo. Ilipewa kura zilizofungana, ikatumia kanuni iliyoandikwa, ikajenga mti usio na kitanzi. Sisi ndio tulionyamaza, na kwenye uchaguzi huu ukimya nao ni kura.

Kwa nini ilikatika mara mbili

Swichi zote zilikuwa zinaendesha STP ya zamani, ile ya kiwango cha IEEE 802.1D. Poti iliyofungwa ikitakiwa kufunguka haifunguki hapohapo. Hukaa sekunde 15 ikisikiliza, kisha sekunde 15 ikijifunza anwani, ndipo ipitishe data. Jumla 30.

Mtu akivuta boksi, Z inazimika. B inapoteza poti yake ya mzizi, inaigeukia poti iliyofungwa inayokwenda A, na kuanza kuhesabu sekunde 30. Muda huo hakuna faili. Zikiisha, data inapita kwenye kebo ya gigabiti kati ya A na B. Hapo ndipo kichekesho: kwa dakika mbili tatu, wakati Z inajiwasha, mtandao ulikuwa na kasi ambayo watu hao hawajawahi kuiona. Kisha Z inaamka, inatangaza kitambulisho chake, na kwa kuwa ni kidogo kuliko vyote inarudishiwa kiti. B inafunga tena poti ya kwenda A papo hapo, lakini ile ya kwenda Z inahitaji sekunde zake 30. Faili zinakatika mara ya pili, na zikirudi zinarudi na uzito wake wa siku zote.

Kumbukumbu za A zilionyesha poti ya 24 ikishuka na kupanda, jozi kwa jozi. Niliomba kuona daftari la stoo, ambalo watu husaini wakichukua karatasi. Nililinganisha saa. Sikucheka tena.

Kuandika upya mti

Rahisi ingekuwa kuing'oa Z siku ileile. Lakini ilikuwa na kidhibiti cha milango juu yake, na wenye mamlaka na milango walitaka wiki mbili za kujipanga. Zaidi ya hapo, kuing'oa Z kusingetibu chochote: mzizi mpya ungekuwa ni yeyote mwenye MAC ndogo kati ya waliobaki, na mwakani mtu akileta swichi nyingine kuukuu kwa mkutano wa siku moja tunarudi palepale. Kilichokosekana ni uamuzi ulioandikwa.

Nilisubiri jioni watu watoke, kwa sababu kubadilisha aina ya STP kunaianzisha upya na mtandao utayumba kidogo. Kwenye A:

```
spanning-tree mode rapid-pvst
spanning-tree vlan 1,10,20 priority 4096
```

Kwenye B mistari hiyohiyo, ila kipaumbele 8192. Kwenye G1, G2 na G3 nilibadilisha aina tu, vipaumbele nikaviacha. Kijana niliyekuwa naye alijaribu kwanza kuandika 100, kwa hoja kwamba ndogo ndiyo bora. Swichi ikamkatalia: namba hiyo hukubaliwa kwa hatua za 4096 tu, maana biti 12 za chini zimechukuliwa na namba ya VLAN. Akauliza basi kwa nini tusiweke 0 kabisa. Mimi huiacha 0 kwa dharura. Siku utakapoleta swichi kuu mpya na unataka ichukue kiti bila kuigusa ya zamani, utaihitaji.

Kuna pia amri ya mkato ya `root primary`. Sipendi kuitumia. Inatazama mzizi uliopo saa ile, inachagua namba ya kuushinda, inaiandika na kusahau. Haiendelei kulinda chochote, na anayesoma usanidi baadaye anakuta 24576 bila kujua kama ni mtu aliyeichagua au ni hesabu ya mashine.

Ile `rapid` ni RSTP, yaani STP ya haraka, iliyotoka mwaka 2001 kama 802.1w. Badala ya kungoja saa zihesabu, swichi mbili jirani zinapatana: hii inapendekeza, ile inakubali, poti inafunguka mara moja. Z haikuijua lugha hiyo. A na B zikalitambua hilo zenyewe na kuongea nayo kizamani kwenye poti zake tu, na kwenye orodha ya poti neno Peer likatokea upande wa kulia kuonyesha jirani wa namna hiyo. Wengine waliendelea na mwendo mpya.

Dakika hiyo taa ya chungwa ya B ikawa kijani. Nilipanda ghorofa ya pili nikanakili faili yangu ya gigabaiti moja: sekunde kumi na moja. Nikateremka stoo, nikaacha pingi (ujumbe mdogo wa kupima kama kifaa kinajibu) inakwenda kwa seva, nikavuta boksi la karatasi kwa makusudi. Z ikazimika. Pingi haikupoteza hata moja.

Ulinzi nilioufunga mahali pasipofaa

Hapa nakiri kosa, kwa kuwa naona wengi wakilirudia.

Kuna ulinzi wa mzizi, amri yake ni `spanning-tree guard root`. Unauweka kwenye poti, na poti hiyo ikipokea tangazo la mtu anayedai kuwa mzizi bora kuliko aliyepo, poti inafungwa mpaka madai yaishe. Niliona ni kinga nzuri. Nikauweka kwenye poti zote za A na za B zinazoteremka kwenda ghorofani na kwenda Z. Nikaacha tu ile kebo ya A na B.

Jaribio la mwisho la jioni lilikuwa kuchomoa kebo hiyo ya A na B. Nilitarajia B ifike kwa A kupitia ghorofa mojawapo ndani ya sekunde moja. Pingi ikasimama. Sekunde kumi. Thelathini. Dakika. Nikarudisha kebo, ikafufuka.

Fikiria kilichotokea. A ndiyo mzizi. Kebo ilipokatika, njia pekee ya B kusikia habari za A ikawa kupitia ghorofa. G2 ikaiambia B, kwa nia njema kabisa, "mzizi ni A, wenye 4096." Kwa B iliyobaki na 8192 yake hilo ni tangazo bora kuliko lake, na limekuja kwenye poti niliyoiwekea ulinzi. Poti ikafungwa. G1 ikasema hivyohivyo, ikafungwa. G3 nayo. Orodha ilijaa maandishi `ROOT_Inc` na B ikakaa peke yake kama kisiwa, na seva ya faili juu yake. Nilikuwa nimeizuia B isiwahi kumfikia mzizi halali kwa njia ya akiba ambayo ilijengwa kwa kazi hiyohiyo.

Kwenye A ulinzi huo unafaa, kwa sababu A haipaswi kusikia mkubwa wake kutoka upande wowote. Kwenye B nikauondoa kwa ghorofa zote na kuubakiza kwenye poti ya Z peke yake, ambako sitaki njia ipite hata mambo yakiharibika. Nikachomoa kebo tena. Pingi moja ikapotea, ya pili ikajibu. Kwa STP ya zamani, mkato wa namna hii, ambao majirani hawauoni moja kwa moja, ungeweza kuchukua sekunde 50: 20 za kungoja habari za zamani zife, halafu zile 30.

Kebo ya chumba cha mikutano

Kabla ya kufunga kazi niliweka PortFast kwenye poti zote za watumishi, pamoja na ulinzi wa BPDU:

```
spanning-tree portfast
spanning-tree bpduguard enable
```

Ya kwanza inaiambia swichi kwamba mwisho wa kebo hii kuna kompyuta au printa, isipoteze sekunde 30 na isiutangazie mtandao mzima badiliko kila mtu anapowasha mashine. Kila badiliko la namna hiyo hufanya swichi zisahau anwani zilizojifunza, na data inaanza kumwagwa kila poti mpaka zijifunze upya. Idadi ya mabadiliko niliyoikuta kwenye A ilikuwa ya maelfu, na nyingi zilitokana na kompyuta tu. Amri ya pili ni sharti la ya kwanza. Poti ya PortFast ikisikia BPDU, maana yake ng'ambo kuna swichi au kitanzi, basi ijizime.

Kesho yake saa mbili asubuhi nikapigiwa simu. Poti za 14 na 15 za G2 zimezima. Nilidhani nimeharibu kitu. Nilipofika, poti hizo mbili ziliishia kwenye soketi mbili za ukuta katika chumba cha mikutano, na kati ya soketi hizo kulikuwa na kebo moja fupi, ncha hii huku, ncha ile kule. Mtu alikuta kebo inaning'inia, akaona inapendeza ikichomekwa.

Haikuchomekwa jana. Nilirudi kwenye daftari langu la siku ya kwanza, nikakuta nimenakili orodha nzima ya poti za G2, na kwenye mstari wa 15 imeandikwa `Back BLK`, yaani swichi imesikia sauti yake yenyewe ikirudi na imefunga. STP ilikuwa imekikalia kitanzi kile kimya kimya kwa muda nisioujua, na mimi niliuandika mstari huo kwa mkono wangu bila kuusoma.

Niliulizwa kama tuziruhusu poti zilizojizima zifunguke zenyewe, jambo ambalo kwa chaguomsingi huchukua sekunde 300. Nilikataa. Poti iliyojizima kwa kitanzi naitaka ibaki imezima mpaka mtu aende akaone, vinginevyo itafunguka na kufunga kila dakika tano na hakuna atakayepiga simu. Kebo fupi niliiweka mfukoni, soketi ya 15 nikaibandika utepe.

Z ilitoka stoo wiki mbili baadaye, milango ilipohamishiwa G1. Yule dada wa masjala ndiye aliyeshika boksi la karatasi wakati naichomoa, akanitazama, akasema tu, "Si nilikwambia, fundi?"